Simu ya Laini Moja Niliyomuuzia Mzee Masanja

Tunduma, Jumapili

Mama yangu Bi Asha,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kibarazani, mgongo umetulia, na ile homa iliyokushika wakati wa mvua imekwisha kabisa. Bibi bado anakataa ugali wa sembe? Na paa la jikoni, Kaka Hamisi ameliziba au bado anaahidi? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku haina adabu. Nafua mashuka ya nyumba ya wageni, vyumba kumi na viwili, na maji ya asubuhi yanakata vidole kama wembe. Mikono imepasuka, ndiyo maana mwandiko wangu hauko sawa.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga. Nikikupigia unaweka sauti kubwa, halafu nusu ya Mzenga inakuja kunisalimia. Haya ya leo si ya kusikiwa na watu. Yasome mwenyewe, usimpe Rehema akusomee.

Kaka ameniambia unawaeleza majirani kwamba kule Kibaha nilifukuzwa kazi kwa husuda, eti kwa kuwa nilikuwa nauza kuliko wote. Mama, nakuomba uache. Hakuna aliyenihusudu. Kuuza nilikuwa nauza kweli, na huko kuuza ndiko kulikonifikisha hapa.

Unakumbuka kazi yenyewe. Niliajiriwa na kampuni inayotengeneza simu, lakini meza yangu ilikuwa ndani ya duka la kampuni ya mtandao, pale Kibaha mjini. Mshahara napata huku, kiti napata kule, na wa huku na wa kule hawapendani. Wenye mtandao ndio waliokuwa na nguvu. Walichukua simu zetu kwa maelfu, wakaziuza bei nafuu kwa sharti moja: kila simu ifungwe, isikubali laini nyingine ila ya kwao. Wenye simu walinuna, lakini wangeuzia wapi? Meneja wa duka, Bwana Kileo, alizoea kumwambia msimamizi wangu, Bi Doreen, mbele ya wateja, "Bila shelfu zangu, simu zako utazitandika barabarani kama mitumba." Bi Doreen anacheka. Akitoka nje ananishika mkono: "Ngoja tu, Mwajuma. Itafika siku watu wanaingia humu wanataja jina la simu, hawataji mtandao. Siku hiyo huyu atanibebea mkoba."

Na ikaanza kufika. Wateja wakawa wanataja jina la simu. Bwana Kileo akazidi ukali, Bi Doreen akazidi jeuri. Bango moja la ukutani lilichapishwa mara tatu kwa sababu hawakukubaliana jina la nani liwe na herufi kubwa.

Aliyekuwa kwenye bango hilo ni msichana anaitwa Kabula. Baba yake ni Mzee Masanja, Msukuma mfugaji, alishuka na ng'ombe kutoka Shinyanga miaka mingi nyuma na sasa ni mtu wa Dutumi. Walikuja pamoja. Kabula alikuwa mjamzito, tumbo limeshashuka, mumewe yuko machimboni Geita. Mzee alinieleza vizuri kabisa anachotaka. Yeye hushinda na mifugo huko mtoni, binti anabaki nyumbani peke yake. Alitaka simu ili uchungu ukianza, binti ampigie kijana wa bodaboda ampeleke zahanati.

Akaniuliza, "Mwanangu, huko kwetu Dutumi hii inashika?"

Mama, nilikuwa najua. Ndani ya stoo kulikuwa na ramani ya mtandao, na upande wa kwao ilikuwa nyeupe, yaani hakuna mnara. Nikamjibu, "Inasumbua kidogo kwa sasa, mzee, lakini mnara unajengwa mwezi ujao." Maneno hayo alitufundisha Bwana Kileo, tukayashika kama tunavyoshika dua. Hakuna mnara wowote uliokuwa unajengwa.

"Na nikitaka kuweka laini ile inayoshika nyumbani?"

"Utaweka tu, mzee."

Dakika haikupita, uongo wa pili. Bi Doreen alikuwepo siku hiyo, akampenda Kabula kwa lile tabasamu lake, akampiga picha ameshika simu shavuni na mkono mwingine uko tumboni. Ndiyo ikawa bango.

Baada ya wiki mzee akarudi. Simu imekataa laini. Kufungua nilikuwa naweza. Kila simu ina tarakimu zake za kufungulia, na orodha nilikuwa nayo kwenye kompyuta. Bwana Kileo alikwishatuonya: "Anayefungua simu ndani ya duka langu ni mwizi." Nikampigia Bi Doreen, nikidhani yeye atasema fungua, kwa kuwa ndiye anayewachukia. Akasema, "Usiguse. Mkataba unasema kufungua ni juu yao. Waache wateja walie, na wakilia wautukane mtandao. Malalamiko yakijaa, wakubwa wangu watakuwa na la kuweka mezani."

Basi nikamwambia mzee avumilie, mnara uko njiani. Alirudi mara ya pili, nikamwambia hivyo hivyo. Mara ya tatu alileta maziwa kwenye kibuyu, akaniwekea mezani kwa mikono miwili. "Lafiki yangu," akasema, "nisaidie, siku za binti zimekalibia." Alipotoka tulikunywa yale maziwa, mimi na wenzangu wawili, na mmoja akawa anamwigiza, lafiki yangu, lafiki yangu. Nilicheka, Mama. Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Angenunua simu nyingine. Alikuwa na uwezo, angeuza hata mbuzi. Hakununua kwa sababu aliniamini mimi.

Kabula alikuja mwenyewe, asubuhi, duka limejaa. Hakuwa na tumbo. Nikataka kumpongeza, nikaona kanga yake imelowa kifuani, pande zote mbili. Maziwa yalikuwa yanatoka na hana wa kumpa. Hakupiga kelele. Aliongea kama mtu anayetoa maelezo polisi. Uchungu ulimwanza saa nne, baba yuko mtoni. Akapiga, haikwenda. Akapanda kichuguu, akanyoosha simu juu, haikwenda. Akaanza kutembea kuelekea barabara kubwa, anasimama, anatembea. Akajifungulia njiani kwenye shamba la mtu. Wanawake waliokuwa wanapalilia ndio waliompokea. Mtoto wa kiume. Alipumua muda mfupi, akakoma. Bodaboda waliyoiita wale wanawake ilifika mambo yamekwisha.

"Siku tisa leo," akasema. Akaweka simu mezani. "Nifungulieni sasa."

Nyuma yake ukutani ni yeye mwenyewe, anatabasamu. Bi Doreen alikuwepo. Alichofanya ni kuniinamia sikioni: "Litoe hilo bango kabla hajageuka."

Bwana Kileo akatoka ofisini amefunga vifungo vya koti. "Pole sana, dada. Kazi ya Mungu. Mwajuma, mpe fomu ya malalamiko. Ajaze jina, kijiji, na namba ya simu tutakayompata."

"Namba ipi?" Kabula akamuuliza.

Bwana Kileo akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye mwenye mtandao.

Nikavuta ile simu. Nikafungua orodha, nikaingiza tarakimu, nikamwomba laini yake. Aliifungua kwenye pindo la kanga. Nikaiweka, simu ikashika. Hata mteja aliyekuwa anasubiri risiti hakuwa ameipata bado.

Kabula akaitazama, akanitazama. "Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

"Kumbe ulikuwa unaweza."

Akachukua simu yake akaondoka. Akapita mbele ya bango, na nina hakika aliliona.

Jioni hiyo nilirudi chumbani kwangu mtaa wa Sofu na ile orodha, nimeinakili kwenye daftari. Nikaanza kufungua. Wa kwanza alikuwa jirani, kesho yake wakaja kumi, Jumamosi foleni ikafika kwenye duka la mkaa. Sikutaka kitu kwa mtu. Usidhani nilikuwa jasiri, Mama. Nilikuwa kama mtu anayenawa mikono na uchafu hautoki.

Jumatatu Bwana Kileo na Bi Doreen wakaja wote wawili kwenye gari moja. Mwaka mzima sikuwahi kuwaona wamepanda gari moja. Walikuja na barua ya kunifukuza. Hao waliogombania ukubwa wa herufi waligonga mihuri miwili kwenye karatasi ile ile, yote saizi moja, imepangana vizuri. Bwana Kileo akasema nishukuru hawajanipeleka polisi. Bi Doreen alikuwa anasoma simu yake. Jina langu likazunguka kwa wenye maduka yote ya simu, Kibaha mpaka Mlandizi. Kila nilipobisha hodi walikuwa wameshapigiwa.

Kabla sijapanda basi la huku nilikwenda Dutumi. Nilitaka kuomba radhi. Mzee Masanja alinipokea kama mgeni, akaagiza kigoda, nikaletewa maziwa mgando. Kabula alikuwa anachambua mboga pembeni, simu yake iko kwenye mkeka, inashika vizuri kabisa. Nikaanza maneno yangu. Mzee akaninyanyulia kiganja.

"Nataka kujua kitu kimoja. Ule mnala, ulikuwepo?"

"Haukuwepo, mzee."

"Ulijua tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mimi nilidhani hujui. Nilikuwa nawaambia watu hapa, yule binti anatumwa tu, hajui. Nilikutetea." Akanisogezea kikombe. "Malizia maziwa, halafu uende. Usilete pole tena hapa."

Kabula hakuinua kichwa. Nilipopita mbele yake akasema, "Ungesema tu haishiki. Tungeirudisha." Akaendelea na mboga.

Nikatembea mpaka barabarani. Nilipita pale kwenye shamba, sijui kama ndilo lenyewe. Kuna watu walikuwa wanapalilia, wakanisalimia, nikaitikia.

Hayo ndiyo yaliyokuwa Kibaha. Hakuna husuda. Sasa nikuambie ya juzi, maana yamenifanya nishike kalamu.

Juzi nilikuwa naanika mashuka, simu ikalia. Bi Doreen. Sauti tamu, "Mwajuma mdogo wangu, umepotelea wapi?" Akanipa habari. Wenye simu wameshinda. Watu wamekataa kununua simu zilizofungwa, wenye mtandao wamesalimu amri, na Bwana Kileo amehamishiwa Mtwara. Sasa simu zote zinatoka wazi, laini mbili, na zile za zamani zinafunguliwa dukani kwa malipo. Kufungua imekuwa huduma, ina bei yake na foleni yake. Wanafungua duka hapa hapa Tunduma, mpakani kuna wateja wa nchi mbili, na wanataka mtu anayejua kazi.

Nikamwambia, "Lakini mlinifukuza kwa kufungua."

Akacheka. "Ulifungua mapema mno, mdogo wangu. Hilo tu ndilo lilikuwa kosa lako."

"Na yule wa Dutumi je?"

"Wa Dutumi nani?"

Mama, alikuwa hatanii. Hakumkumbuka. Nikamkumbusha bango, akasema, "Aaa, lile! Lilitoka zuri sana lile."

Nilitamani kukuandikia kwamba nilikata simu. Ungenipenda zaidi, hata mimi ningejipenda. Nilisimama nimeshika shuka linachuruzika, upepo unanipiga, vidole vinatoka damu, nikafikiria dawa za Bibi, nikafikiria kiti kikavu. Nikasema ndiyo. Naanza kesho, Jumatatu. Shati jipya wameshanipimia.

Sasa umeyajua yote, na unalo la kuwaambia majirani, au la kunyamazia. Sitakulaumu kwa lolote.

Nisalimie Bibi, mwambie dawa za miguu nitazituma na lori la mbao linaloshusha Kisarawe, dereva ni mtu wa huku ninayemfahamu. Nisalimie Kaka Hamisi na wifi yangu, na wamfunike mtoto vizuri asubuhi. Mjomba Seif, imamu wetu, mwambie naomba dua yake, lakini asiulize ni ya nini. Rehema mdogo wangu mwambie asome, na akikuuliza mimi nafanya kazi gani, mwambie dukani.

Na jambo moja, Mama. Mzee Masanja huwa anapita hapo Mzenga na ng'ombe wake kwenda mnadani. Akisimama kuomba maji, mpe, mkaribishe kivulini. Ila usimwambie kuwa wewe ni mama yangu.

Ni mimi mwanao,
Mwajuma