Mwamba wa Baba Gazetini

Verlyn,

Supu ya mchele-mwitu wa ziwani iko kwenye friji, ipashe moto mwenyewe. Mbwa bado hajala.

Gazeti nimekuachia hapo mezani, limefunuliwa kwenye safu yako ya uvuvi. Samaki krapi wa masika kwenye matete, besi wa kiangazi chini ya magati, hayo kila mtu anayajua. Lakini samaki macho-kioo wa vuli, kwenye mwamba ulio nyuma ya kisiwa? Mwamba ule nilionyeshwa na baba. Nikakuonyesha wewe, mume wangu, wiki tuliyomzika, ukaapa hutamwambia mtu. Leo umeandika: “Mwamba niliougundua mwenyewe.” Mwenyewe, Verlyn! Hata nanga ulikuwa hujui kuishusha.

Asubuhi nilikwenda pale kumvulia baba samaki mmoja, kama kila mwaka siku aliyofariki. Nimekuta boti kumi na moja. Jamaa mmoja, gazeti lako mkononi, akanipigia kelele: “Sogea, mama, hapa pamejaa!” Nikasogea. Nimelia hadi gatini.

~~Nitarudi kesho.~~ Niko kwa dada Solveig. Usipige simu. Andika gazetini mwamba ni wa nani, halafu tutaongea.

Binti yake Einar