Wamemtoa Mama wa Kapteni Mshana

Shikamoo Bi. Salama,

Ukurasa wako huwa nausoma hata likiwa gazeti la mwezi uliopita nililofungiwa vitumbua, na leo zamu yangu imefika. Naomba unisaidie kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, maana nimemkosea mtu na sijui nianzie wapi, na mtu mwenyewe ni kaka yangu wa tumbo moja.

Naitwa Dorkas, nalima tangawizi huku Mamba, ni mama wa watoto watatu na mwimbaji wa kwaya ya usharika, umri wangu thelathini na nane, umri ule ule alioondoka nao mama yetu, na tafadhali usinicheke, Bi. Salama, kwa sababu jambo lenyewe ni la sinema.

Kaka yangu Fanueli ni fundi redio pale Same mjini, lakini watu wa rika langu kuanzia Ndungu mpaka Mwanga wanamjua kwa kazi yake ya ujana, ya kutafsiri sinema kwenye banda la video, yaani anakaa pembeni ya televisheni na maiki, sauti ya kanda inapunguzwa, na yeye anasema maneno ya kila mtu kwa Kiswahili, ya wanaume, ya wanawake, na hata ya bunduki. Sinema iliyotushika kuliko zote ilikuwa ya chombo cha chuma kinachozunguka kwenye nyota, jina lake la Kizungu lilitushinda kutamka, Fanueli akaiita Manowari ya Mbinguni, na kapteni wake akamwita Mshana, kwa kuwa Washana ndio wahunzi wa Upare tangu enzi za mababu na chombo chenyewe kilikuwa chuma kitupu. Mle ndani kulikuwa na roboti mpenda kesi, ukimkanyaga mguu tu anakwambia tutaonana baraza la kata, na banda zima linavunjika mbavu, maana sisi Wapare tunajijua.

Ila mimi nilichokuwa nakisubiri kilikuwa mwisho. Mwisho wa kila sehemu kapteni alisimama dirishani akatazama nyota, akasema, "Shikamoo mama, nimefika salama," na mama yake akamwitikia kwenye redio ya chombo, haonekani, sauti tu, tena kwa lafudhi ya kwetu milimani, "Marahaba mwanangu. Umekula? Mbuzi wameingia?" na kapteni anajibu, "Wameingia wote, mama," ndipo yanapanda yale maandishi na watu wanatafuta ndala zao. Mimi nilikuwa nabaki pale nalia. Mama alifariki nikiwa na miaka kumi na miwili na Fanueli kumi na tisa, baba akanipeleka Same nikaishi na Fanueli, na kila Jumapili tukitoka ibadani alinikalisha benchi la mbele nikatazama manowari bila kiingilio. Sehemu mbili za mwanzo nilishaziona wakati wa likizo mama angali hai, mle mama wa kapteni hakuwemo, nikadhani hajaingizwa bado. Alipoingia nilimpenda kupita kiasi, maana alifanana na mama yetu mpaka maneno, mama naye jioni hakuweza kuinjika chungu kabla hajauliza mbuzi.

Sasa mwaka huu wameitengeneza upya. Tuna kundi letu la WhatsApp la watazamaji wa banda lile, Fanueli naye yumo, watu mia na kumi na wawili, wengine wako mashamba ya mkonge, wengine Dar, na tangu habari itoke ilikuwa ni vita, wengine wanasema wasiguse vitu vyetu, wengine wanasema acheni uzee. Anold, dereva wa bodaboda wa hapa kijijini ambaye amesoma mpaka kidato cha sita, akaipata, akatuonyesha kwa projekta kwenye ukuta wa ghala la tangawizi, na mimi, Bi. Salama, nilikuwa napenda huku nachukia. Chombo kimekuwa kizuri jamani, kinang'aa kama sufuria ya harusi, na kapteni sasa ni mwanamke, nilipomwona anapanda ngazi nikapiga kigelegele watu wakageuka. Lakini roboti wamemfanya mpole, hana kesi na mtu, sasa huyo ni roboti gani? Nikavumilia. Ikafika mwisho, kapteni akaenda dirishani, akasema maneno yake, na hakuna aliyemjibu, kimya kabisa, maandishi yakapanda.

Nilihisi kama nimefiwa tena. Nikarekodi sauti ya dakika tatu nikairusha kwenye kundi, kwamba wamemtoa mama wa kapteni, kwamba siku hizi sinema zinatengenezwa na watu wasio na mama, na wenzangu wengi wakaniunga mkono. Ndipo Anold akatafuta kipande cha ile ya zamani, na sauti zake zenyewe za Kizungu, akatutafsiria neno kwa neno. Kapteni hakuwa anamwamkia mtu, alikuwa anataja tarehe na umbali waliosafiri, na ile sauti ya mwanamke ilikuwa kompyuta ya chombo, inasema mafuta yamebaki robo tangi na mlango wa nyuma umefungwa. Basi! Watu walicheka siku mbili mfululizo. Kuna aliyebadili picha ya kundi akaweka mbuzi. Mpaka leo nikipita kijiwe cha bodaboda wananiuliza, "Dada Dorkas, wameingia?"

Hasira ikanipanda, nikarekodi tena, na hapa ndipo naomba unisikilize kwa huruma, nikasema mbele ya wote, "Fanueli, umenidanganya miaka ishirini na sita, umemfanya mdogo wako kichekesho, wewe ni mwongo na kazi yako yote ilikuwa uongo." Haikupita robo saa tukaona maandishi kwamba Fanueli amejitoa kwenye kundi.

Na ilikuwa tumeshapanga, Bi. Salama, kwamba hiyo Jumapili ya mwisho wa mwezi ashike maiki tena, atutafsirie hii mpya kwenye ukumbi pale Same, watu wa Ndungu wameshakodi gari. Amemwambia Anold atafute mtu mwingine. Maiki yake aliyoitunza kabatini miaka yote amempa jirani. Nikipiga simu anapokea wifi yangu Redempta, ananiambia, "Amelala, wifi," saa nne asubuhi, nami namsikia anakohoa pembeni. Baba tulimzika mwaka juzi, sina ndugu mwingine isipokuwa huyu. Je, nimekosa kukasirika, wakati kweli alinidanganya? Hii sinema mpya niipende au niikatae? Na kaka yangu nitampataje?

Dorkas, Mamba.

*

Marahaba, Dorkas.

Uliniomba nisicheke. Nimecheka, pale kwenye mbuzi, siwezi kukuficha. Halafu nikairudia barua yako tangu mwanzo, na kicheko chote kikaniisha. Wewe, inaonekana hukuirudia hata mara moja kabla ya kuituma.

Umeandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba mama yako alipokuwa hai, kapteni hakuwa na mama. Mama yako akafariki, kapteni akapata mama. Huyo mama ana lafudhi ya milimani kwenu, na kazi yake ni kuuliza kama mbuzi wameingia. Jamani Dorkas! Miaka ishirini na sita hukujiuliza hata siku moja mbuzi walifikaje kwenye nyota? Unasema alifanana na mama yenu. Hakufanana naye, alikuwa ndiye. Kaka yako alimchukua mama akamweka mahali ambapo ungemsikia kila Jumapili, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kumlea mtoto wa miaka kumi na miwili anayelia.

Sasa nikuulize, yeye nani alimfariji? Alikuwa na miaka kumi na tisa. Misibani kwetu kijana wa umri huo anachimba kaburi, anabeba mabenchi, anatafuta turubai, na hakuna anayemuuliza kama amepata nafasi ya kulia. Huyo kijana alirudi bandani, akashika maiki, na mbele ya watu waliolipa kiingilio chao akamwamkia mama yake. Kisha akabadili sauti, akajiitikia mwenyewe. Kila Jumapili, Dorkas. Watu wanatafuta ndala zao, wewe unalia mbele, na yeye pembeni amejiambia "Marahaba mwanangu" kwa mdomo wake mwenyewe.

Huyo ndiye uliyemwita mwongo. Aibu ilikupata, naelewa, na hao wa kijiwe wana midomo isiyo na breki. Anold msamehe bure, alitafsiri kilichokuwemo, hilo si kosa. Aliyeweka picha ya mbuzi aitoe, na mwambie ni mimi nimesema. Lakini katika watu mia na kumi na wawili, mmoja tu hakukucheka, nawe ukampiga huyo huyo. Umekosa. Tena umekosa sana.

Kuhusu sinema, ipende tu, nani kakukataza? Mtu mzima anayepiga kigelegele kwenye ghala la tangawizi ameshapenda, asitafute kibali kwangu. Haijakunyang'anya mama, maana kwenye kanda hakuwahi kuwemo. Roboti asiye na kesi ni kasoro kubwa, hapo nakuunga mkono, ila ni kasoro ambayo kaka yako ataitibu kwa dakika moja akishika maiki.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo hii, kabla hujaenda shambani, rekodi sauti nyingine kwenye kundi lile lile ulilomtukania. Usihutubie. Sema umemkosea kaka yako, sema kwamba mama wa kapteni alikuwa mama yenu, basi, nyamaza. Hao waliocheka waache wakae nayo.

Kesho shuka Same. Simu iweke chini, wifi yako amechoka kumlaza mume wake saa nne asubuhi. Pika makande, yale ya mama yenu, weka kwenye hotipoti, panda gari la kwanza. Ukipita, gonga kwa huyo jirani uombe maiki irudi kwa mwenyewe. Ukifika kwa kaka yako usianze na samahani, samahani itakuja. Mwamkie, kwa sababu ni mkubwa wako, halafu umuulize kama amekula. Akishindwa kujibu, usimharakishe. Pakua.

Mkishakula, mwambie Jumapili ile bado ipo na watu wa Ndungu wameshakodi gari. Atakataa. Mwache akatae mara mbili, Mpare mwenzio unamjua, kisha mwambie unataka maiki ya pili.

Maana umeniandikia kitu kingine bila kukiona. Umesema kapteni huyu mpya anakwenda dirishani, anasema maneno yake, na hakuna anayemjibu. Wewe ukahesabu kwamba mama ametolewa. Mimi naona nafasi imeachwa wazi, na mwenye sauti ya kuijaza ni mwimbaji wa kwaya anayeishi Mamba. Siku hiyo benchi la mbele waachie watoto wako. Wewe kaa pembeni na kaka yako. Atakaposema, "Shikamoo mama, nimefika salama," usimwache ajiitikie tena, amejiitikia vya kutosha. Itikia wewe. Una umri wa mama sasa, sauti itakuja yenyewe.

Na ukishaitikia, usisahau kuuliza mbuzi.

Bi. Salama