Prosesa Mpya Haijafika

Jumanne, 14 Januari 1997

Kompyuta ya duka imeganda tena asubuhi. Nimezima, nimesubiri, nimewasha. Nikaweka maji ya chai wakati inaamka. Chai imeiva, nimekunywa, bado inaamka. Hii 386, toleo la zamani, imechoka.

Kazi za leo: kadi za harusi, barua ya kuomba kiwanja, ratiba ya mazishi ya mzee mmoja wa Igoma. Ratiba nimechapa mwenyewe. Wifi Getruda hapendi niguse kazi za mazishi, anadhani nitavunjika. Sivunjiki. Nachapa tu.

Mchana nimepita kwa Bwana Karim, anayetuagizia vifaa kutoka Dar. Anasema prosesa mpya, ubongo wa kompyuta, inatoka Machi, ina kasi ya ajabu. Ikitoka, mashine zote za sasa zitashuka bei. "Ukinunua leo, Mama, Machi utajuta."

Ben, mume wangu, naye alisema hivyo. Wodini, wiki ile ya mwisho kabla hajafa. "Msinunue sasa. Subirini ile mpya." Yeye ndiye aliyekuwa akizijua hizi mashine. Mimi na dada yake ni wachapaji tu.

Basi nasubiri.

Jumatatu, 3 Februari

Mgawo wa umeme. Mchana kutwa tumekaa mlangoni kama watu wanaouza kivuli. Umeme umerudi jioni, wateja wameshakwenda.

Getruda ameniuliza kama Karim ana habari. Hana. Nikamwambia Machi si mbali. Akaenda kufunga madirisha.

Alhamisi, 6 Machi

Machi imefika. Prosesa haijafika. Karim amepiga simu Dar mbele yangu. Dar nao wameuliza walikouliza. Jibu: kiwandani wamesogeza mbele. Labda mwisho wa Aprili, labda Mei. Hawakusema sababu. Watu wa huko hawamjui mtu wa mtaani kwetu Makoroboi anayengoja.

Nilitegemea nitakasirika. Nilirudi dukani nikafuta vumbi kwenye printa.

Jumamosi, 8 Machi

Tumegombana. Au yeye amegombana, mimi nimesikiliza.

Wakimbizi wamerudi kwao, mashirika yaliyokuwa yanawahudumia yanafunga ofisi. Moja linauza vitu vyake kwenye yadi kule Nyakato. Getruda amekwenda kutazama. Amerudi anang'aa. Kuna 486 nzuri, toleo linalofuata la yetu, zimetumika kidogo tu, ameziona zikiwaka. Anataka tuchukue moja Jumatatu.

Nikasema hapana. Nikasema Ben alituambia tusubiri.

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Akasema polepole, "Wifi, kaka amekufa. Yeye hangoji kitu tena. Sisi ndio tunangoja."

Nikamwambia tusinunue kitu kilichopitwa na wakati. Ni maneno ya Ben. Niliyasema kwa sauti yangu, nikasikia ya kwake.

"Hiki tunachotumia ndicho kimepitwa," akasema. Akachukua pochi yake, akaondoka kabla ya saa ya kufunga.

Sikumwita. Nilimaliza kadi za ubatizo.

Jumatano, 16 Aprili

Sista anayesimamia taaluma shule ya wasichana ya Buswelu ametuletea mitihani ya muhula. Kidato cha kwanza mpaka cha nne. Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote tulizopata tangu mwaka uanze. Shule ikiridhika, atatuletea na ya mock, ya majaribio. Hii ya muhula anaitaka Ijumaa.

Getruda anachapa asubuhi, mimi mchana. Tunaongea kuhusu kazi tu. Inatosha.

Ijumaa, 18 Aprili

Imeganda. Hisabati kidato cha pili, ukurasa wa mwisho. Feni ikapiga kelele, kioo kikawa cheusi. Tukawasha. Ikasoma, ikasoma, ikasema haioni diski. Getruda akaingiza flopi tulizohifadhia nakala. Ya kwanza tupu. Ya pili ina nusu ya jiografia.

Sista amefika saa tisa. Alikuwa amevaa koti la mvua. Nikamweleza. Hakugombeza. Ingekuwa nafuu angegombeza. Alikusanya karatasi zake za mkono moja moja, akazipanga, akasema, "Poleni. Wanangu wanaanza Jumatatu." Nikamwona kupitia dirisha akivuka kwenda duka la jirani, wana mashine mbili mpya.

Getruda amelia. Amelia kwelikweli, kichwa juu ya kaunta. Niliweka mkono mgongoni kwake kwa sababu ndivyo watu wanavyofanya. Mkono ulikuwa kama si wangu.

Jumatatu, 28 Aprili

Fundi ameweka diski nyingine, kuukuu. Inaamka. Polepole kuliko mwanzo.

Getruda amekuja saa nne, hakuvua kanga aliyojitanda. Mume wake ameuza ng'ombe. Wamechukua 486 ya mwisho pale yadi. Atafungua duka Usagara, pale njia panda, madereva wanasimama pale na shule za Misungwi ziko karibu.

Akasema, "Sikukimbii, wifi. Nimechoka kungoja."

"Sawa."

"Njoo nawe."

Nikasema nitaona. Akabaki amesimama, anangoja niongeze neno. Nikageukia kibodi. Akafagia duka lote, hata chini ya meza, akaenda.

Ijumaa, 9 Mei

Mteja mmoja. Amechapiwa wasifu wake, ametoka.

Magugu maji yameziba ufuko wa Kirumba. Wanasema mitumbwi imekwama. Nimekwenda kuangalia baada ya kufunga. Kijani mpaka mbali, kama shamba. Wanaume walikuwa wanayakata kwa mapanga, na nyuma yao yanajifunga tena.

Nimerudi. Sikupika.

Jumanne, 27 Mei

Prosesa imetoka. Karim ametuma niitwe. Ulaya wameanza kuuza, Dar wataipata mwezi ujao. Alifurahi kama aliizaa yeye.

Nikauliza kama fundi ataiweka kwenye mashine yangu. Akacheka kidogo, kwa heshima. Haiingii. Inataka bodi yake, memori yake, kasha lake. Yaani kompyuta nzima. Nikasema basi niagizie nzima.

Akaweka kalamu chini. Ni mtu mwema, Karim. Akasema, "Nikwambie ukweli, Mama? Mwisho wa mwaka inakuja nyingine. Hii itashuka bei. Kama huna haraka, subiri."

Nikamwuliza, na ikija hiyo ya mwisho wa mwaka?

"Hapo tutaona."

Nimetembea mpaka nyumbani. Njiani nikakumbuka mambo. Ben alisubiri 486. Ilipofika akasema tungoje inayofuata. Kiwanja chetu cha Kiseke alingoja tofali zishuke bei, mpaka leo ni majani. Hata kanisani tulichelewa kufunga ndoa, alikuwa anangoja mavuno ya pamba ya baba yake yawe mazuri. Nilimpenda hivyo hivyo. Lakini ndivyo alivyokuwa. Kila kitu, subiri.

Hakuniachia wosia pale wodini. Alikuwa anazungumzia kompyuta tu, kama siku zote, ili tusizungumzie lingine.

Nilidhani sasa nitalia. Nikanunua nyanya, nikaingia ndani.

Jumatano, 28 Mei

Nimelia. Mchana, dukani, mteja akiwepo. Kijana wa watu alitoa leso, akaenda kusimama nje. Aliporudi nikamalizia barua yake. Ilikuwa na makosa mawili. Akasema haidhuru.

Jumamosi, 7 Juni

Nimekwenda Usagara. Nilikuwa na katiba ya kikundi cha wavuvi wa Igombe kwenye flopi, kurasa nyingi za kurekebisha, mashine yangu imeshindwa kuifungua.

Duka la Getruda ni chumba kimoja, pembeni ya muuza vipuri. Ameliweka safi. "Karibu, wifi. Umekula?" Nikasema bado. Akanipa viazi na sangara, akakaa kunitazama nikila, kisha akaiweka flopi kwenye mashine.

Ilifunguka mara moja. Nilikuwa nimeshajiandaa kungoja, mikono mapajani. Akanicheka. "Kilichopitwa na wakati hicho."

"Nakiona," nikasema.

Tumechapa marekebisho yake kwa zamu. Malori yanapita, meza inatikisika kidogo. Akaniambia shule moja ya Misungwi imeulizia mitihani, peke yake hataweza. Nikamwambia Jumatatu nitafunga Makoroboi nije. Akaendelea kuchapa, haraka kidogo.

Alasiri macho yakawa mazito. Nikajilaza kwenye mkeka nyuma ya kaunta, nikisikia vidole vyake kwenye vibonye. Nimelala usingizi mzito. Nilipoamka alikuwa amenifunika kanga yake, na katiba ya wavuvi imeshatoka, imebanwa pini.

Tumefunga mlango pamoja.