Goti la Nyamizi na Barua ya Sandukuni

Mpendwa mshauri, naomba msaada, kama umenizidi umri shikamoo, kama ni mdogo wangu basi marahaba, mimi kusoma sijui, anayeniandikia ni Benedikta, mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima hapa Cheyo, nimemwambia aandike kila ninachosema hata nikipotea njia. Naitwa Mwanahawa, kazi yangu kukanda, aliyeteguka huletwa kwangu, bibi yangu alikanda magoti ya wapagazi wa misafara walipoingia Tabora yamevimba, na mikono yake ndiyo hii, ila imechoka, mshauri, hata kusimama nimechoka. Sasa mjukuu wangu Nyamizi, miaka kumi, baba yake Luhende kaniachia alipohamia kijiji cha ujamaa, akaota uvimbe chini ya goti, nikasema kateguka kwa kuruka kamba, nikamkanda kwa maji ya chumvi na samli kila jioni miezi mitatu, uvimbe ukawa kama kiazi, mgumu, hausogei. Nikampeleka hospitali ya Kitete, wakampiga picha, daktari akasema, "Mama, huu si mteguko, kuna kitu kinaota kwenye mfupa, asikandwe tena hata kidogo," akanipa barua ya hospitali kubwa ya Mwanza, akasema huenda mguu ukakatwa. Barua nimeificha kwenye sanduku la kanga, wiki ya tatu leo. Luhende nimempelekea salamu kwamba mtoto anaendelea vizuri. Watu watasemaje, mkandaji mzima kashindwa na goti la nyumbani kwake? Nami nikaendelea kumkanda. Juzi akanishika mkono, sisi tunataniana, huniita mke mwenza, akasema, "Mke mwenzangu, leo nipumzishe. Siku zote unaniumiza, nilinyamaza usije ukalia." Hapa Benedikta kaacha kuandika, nimemwambia endelea. Je, ni mikono yangu iliyomletea ugonjwa? Nimpeleke akakatwe, au nimwache na mguu wake?

Mwanahawa, Cheyo, Tabora

Bi Mwanahawa, shikamoo yako siipokei, ni mimi wa kukupa wewe. Pole sana. Sasa nisikilize.

Mikono yako haikuotesha kitu. Uvimbe wa namna hii huota wenyewe ndani ya mfupa wa mtoto anayekua, hakuna aliyemroga. Lakini kukanda kumemuumiza bure, na hizo wiki tatu za sandukuni ni zako, siwezi kukuondolea. Unaogopa midomo ya Cheyo, na mtoto wa miaka kumi anauma meno ili wewe usilie. Nani bibi hapo, nani mjukuu?

Kama ni uvimbe mbaya, wewe hujui, mimi sijui. Mwanza watatoa kinofu wakipime. Mwingine hauna madhara. Ukiwa mbaya, afadhali mguu uende mtoto abaki. Ukichelewa, utauzika mguu huo pamoja naye.

Toa barua leo. Mpelekee Luhende maneno ya kweli, ila usimngoje, panda treni ya kwanza. Asiruke kamba, asibebe ndoo, mfupa huo unaweza kuvunjika. Na habari ya kukatwa mguu aisikie kwako, mke mwenzake, kabla hajaisikia kwa mgeni mwenye koti jeupe.

Akilia, mshike mkono. Umshike tu, Bi Mwanahawa. Usimkande.