Jina kwenye meza ya Kiriri

Mwanvua, meza yako iko Kiriri, kule kwa matajiri. Ile ile mume wangu Seifu aliyokutengenezea kwa harusi yako, ukaiacha Buyenzi ulipokimbia vita kwenda Uvira.

Ameingia sasa hivi. Madamu mmoja wa huko alimwita amtengenezee meza iliyobonyea. Seifu akafanya kama siku zote: kitambaa cha maji juu ya ubao, pasi ya makaa juu ya kitambaa, mvuke uvimbishe palipobonyea.

Akainua kitambaa pembeni. Akaona M. Halafu W.

Unakumbuka alivyoligonga jina lako kwa nyundo na msumari? Wezi walioiiba walilipiga randa mpaka pakawa laini. Hawakujua kwamba ubao uliogongwa ukinywa maji ya moto unapanda. Limepanda lote, Mwanvua. Lote.

Madamu anamwambia, "Apana, hii meza ilitoka Ulaya na ndege." Ulaya.

Seifu akamuuliza, "Huko Ulaya kuna Mwanvua gani?"

Mwanamke akamwita askari wake wa getini. Bunduki iko kifuani mwa Seifu, na madamu anaamuru, "Piga pasi tena mpaka hiyo kitu ipotee."

Ati ipotee. Mutu anamfundisha Seifu mbao.

Basi akapiga. Alikilowesha kitambaa chapachapa, akakandamiza pasi polepole, herufi moja moja, mpaka ya mwisho.

Sasa hata kipofu atalisoma kwa vidole.