Breki za Baba na Kilomita Elfu Thelathini

Jumamosi, Julai. Karatu.

Ukungu umekataa kuinuka mpaka saa nne, na baridi ya leo ni ile ya kukumbatia kikombe cha chai hata kikiisha. Sikwenda gereji. Nimeshinda nyumbani kwa wazazi nikiifanyia sevisi pikipiki ya Baba, ambayo jana ilitimiza kilomita elfu thelathini.

Kazi yangu ni kutengeneza magari ya watalii, kwa hiyo pikipiki moja kwangu ni mapumziko. Nikamwaga oili. Nikakung'uta chujio la hewa, likatoa vumbi jekundu la kutosha kuotesha mchicha. Plagi nzima. Cheni nikaikaza na kuilainisha. Mpaka hapo nilikuwa naimba.

Kisha nikafungua gurudumu la nyuma.

Breki shuu, zile zinazobana gurudumu kwa ndani, zilikuwa zimekwisha kabisa, chuma kinasugua chuma. Nilizifunga mpya mwenyewe kwenye sevisi iliyopita, na kwa uendeshaji wa Baba zilitakiwa kudumu mara mbili ya hapo. Hapa kwetu ukiona hivyo unajua sababu. Vijana wa bodaboda wakifika kwenye mteremko wa njia ya Endamarariek wanazima injini, wanaweka nyutro na kuserereka hadi chini ili wabane petroli. Gia haishikilii kitu, breki inabeba mzigo wote. Wengine tumewaokota mtaroni.

Nilikasirika sana. Baba amekuwa dereva wa watalii maisha yake yote ya kazi. Ndiye aliyenifundisha kwamba kreta ya mbugani inashukwa kwa gia ndogo, mguu uwe mbali na breki. Leo, uzeeni, anaserereka kama kijana wa kijiweni? Tena Mama akiwa nyuma?

Maana siku hizi haendi shamba bila Mama. Tangu mwaka jana wanaongozana kila mahali, na mimi nilikuwa nawatania kwamba uzee umewarudisha kwenye uchumba.

Nikaingia jikoni na zile shuu mkononi, mikono imejaa grisi. Baba alikuwa anaota moto, Mama anachambua maharage.

"Baba, siku hizi unashuka na nyutro?"

"Mimi? Nyutro?" Aliudhika kweli. "Nimeshusha wazungu kreta kabla hujazaliwa. Naanzaje kushuka na nyutro?"

Mama hakuinua kichwa. "Mwambie tu mtoto, Baba Rehema."

Baba akasukuma kuni motoni. Mama ndiye aliyesema, huku anaendelea na maharage yake. Jicho la kulia la Baba halioni tangu mwaka jana, la kushoto linaona kwa shida. Barabara anaiona kama rangi tu. Mama anakaa nyuma anamwelekeza: ng'ombe kushoto, shimo, lori hilo linakuja. Akichelewa kusema, Baba anakanyaga breki. Na kwa kuwa muda wote anahofia kwamba Mama atachelewa, mguu hautoki kwenye breki.

Hasira iliniisha, nikaogopa. Nilikaa pale jikoni nikiyawaza malori ya vitunguu yanavyokata kona bila kupunguza mwendo.

Mama amekuwa macho ya pikipiki mwaka mzima, na mimi nilikuwa nacheka.

Nikamwambia Baba kwamba Jumatatu tunakwenda kwa daktari wa macho, na ufunguo nabaki nao mimi. Akauliza, "Na shamba?" Hakuuliza kwa ukali. Ingekuwa afadhali anifokee. Tangu astaafu, shamba ndilo linalomtoa kitandani asubuhi. Kumpandisha kwa wale vijana wa bodaboda wa kushuka na nyutro siwezi, na mimi niko gereji kutwa.

Nilirudi nje nikafunga shuu mpya, nikazungusha gurudumu, nikakanyaga breki, likasimama. Nilipogeuka Mama alikuwa amesimama kando yangu, anafuta mikono kwenye khanga.

"Rehema, gia ya kwanza inakanyagwa mbele au nyuma?"

"Mbele, Mama. Kwa nini?"

"Macho ninayo mimi. Shimo gani la barabara ile sijalitaja kwa mdomo wangu? Kilichobaki ni mikono na miguu. Nifundishe."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Mama yangu hajawahi kuendesha hata baiskeli. Nikamkumbusha hilo, nikamuuliza na Baba je, atakubali? Kwani simfahamu Baba?

"Baba yako atakaa nyuma," akasema. "Na atanyamaza."

Kesho tukitoka kanisani tunapitia uwanja wa shule, utakuwa mtupu. Tutaanza na klachi.