Chumba Chenye Joto la Kidete

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua umeshaitikia marahaba kabla Raheli hajamaliza neno, maana wewe hukuwahi kusubiri salamu ifike mwisho. Mimi ni mzima, ila vidole vinapasuka kwa baridi, na huku saa tisa alasiri giza limeshaingia kama vile jua nalo limechoka na nchi hii. Mgongo wako unaendeleaje? Wale kuku wekundu bado wapo, au fungo amewamaliza? Na mahindi ya kule bondeni karibu na Mkondoa, yamesimama vizuri?

Raheli, mdogo wangu, wewe unayesoma, leo usiruke mahali. Nakujua. Ukikuta jina lako unasoma kimoyomoyo, kisha unamwambia Mama, "Hapo ananisalimia tu." Soma yote, kwa sauti, na mjomba Yeremia awepo. Kama hayupo, ikunje barua, mwiteni kwanza.

Mjomba, shikamoo. Wewe ndiye mwenye neno juu yetu sisi watoto wa dada yako, na sijaandika kukupinga. Ile telegramu niliyotuma, MSIMPELEKE RAHELI SUBIRINI BARUA, najua ilikuudhi. Kumwambia mtu mzima namna ile, tena kupitia mikono ya stesheni masta! Nisamehe. Kila neno la telegramu lina bei yake, na adabu ina maneno mengi.

Mama ameniandikia kwamba kifafa cha Raheli kimerudi. Miaka yote tangu aanze vile vidonge alikuwa ametulia, akaimba kwaya, akawa anachota maji kama wenzake, na sasa anaanguka tena, vidonge vipo na anameza kila siku mbele ya Mama. Kwamba akiwa karibu kuanguka anageuka upande wa mto na kusema kuna mtu anamwita. Kwamba Mjomba ameona dawa za hospitali zimeshindwa, hivyo jambo lenyewe si la hospitali, na amezungumza na mganga wa Malolo. Mganga amekubali, kwa masharti: Raheli aache vidonge kabisa, na mwezi ukiandama aogeshwe mtoni alfajiri, peke yake, maji yamfike shingoni.

Niliposoma hapo nilikaa sakafuni na koti langu mwilini. Mtu anayeanguka bila kujijua, maji yamemfika shingoni! Mama, niliogopa mpaka meno yakagongana, na safari hii haikuwa baridi.

Sasa nipeni nafasi niwaeleze kazi yangu. Mmekuwa mkiniuliza, nami nikijibu "natengeneza dawa," kama vile nasimama mahali nakoroga sufuria. Kampuni hii ni kubwa, Mama. Ukitoka Kidete stesheni mpaka mtoni hujaimaliza. Lakini humo ndani kuna kimya. Kila mtu amevaa joho jeupe, kofia, kitambaa mdomoni na mifuko ya karatasi juu ya viatu, kwa hiyo unafanya kazi na watu mwaka mzima na hujui nyuso zao. Milango ni miwili miwili: wa mbele haufunguki mpaka wa nyuma umejifunga, na hapo katikati unasimama kidogo wewe na pumzi yako. Asubuhi moja tulifika tukakuta jina la getini limebadilishwa. Kumbe tumenunuliwa na kampuni kubwa zaidi, na baadhi ya majoho yaliyokuwa yakitembea kwenye korido hayakuonekana tena, wala hakuna aliyeuliza. Mjomba, mliposikia mashirika ya umma yanauzwa mlidhani ni Tanzania peke yake? Hata huku wanauziana, tena sisi tumo ndani.

Kazi yangu ni kuzeesha dawa. Ndiyo, nimeandika sawa, Raheli. Kampuni inauza vidonge mpaka nchi za joto, na siku hizi kwetu dawa zinauzwa kila kona tangu watu binafsi waruhusiwe, hivyo lazima ijulikane vitakuwaje vikifika. Basi wamejenga chumba chenye hali ya hewa ya kwetu. Nje theluji, ndani joto la Kidete wakati mvua imepita na ardhi inafuka. Hakina dirisha. Vidonge vimepangwa kwenye rafu kutoka chini hadi juu, vimekaa gizani vinazeeka, vingine ndani ya chupa zilizofungwa, vingine tumeviacha wazi makusudi.

Siku ya kwanza aliniingiza mama mmoja mtu mzima anayeitwa Grete, aliye karibu kustaafu. Aliniambia, "Ukisikia mtu anapumua humu ndani, usishtuke. Ni mashine ya mvuke, inatia unyevu hewani." Kweli, inapumua. Inavuta, inakaa, inaachia.

Nisiwafiche, nilikipenda chumba kile. Nikizidiwa na baridi nilikuwa natafuta kisingizio cha kuingia. Nilikuwa nafumba macho na kunusa harufu ya udongo uliolowa, ingawa udongo humo haumo hata chembe. Grete alikuwa akinitania, "Wewe unakaa humo kama kwako." Nikamjibu kwamba ni kwangu hasa, kilichobaki ni kuku tu.

Lakini baada ya barua ya Mama kufika, chumba kilibadilika, au mimi ndiye niliyebadilika. Niliingia kuchukua trei ya vidonge vilivyoachwa wazi. Nikasikia ile pumzi, ila haikuwa na mwendo wake. Ilikuwa inavuta, inakwama, inavuta tena kwa kukoroma kidogo. Mama, wewe unaijua pumzi hiyo. Ni ya Raheli, kabla ya kuanguka. Kisha jina langu likaitwa, "Tabi," kutoka nyuma ya rafu za mwisho, na huku ugenini hakuna anayeniita Tabi, wote wananiita Tabita, tena kwa shida. Niliita kwa Kisagara, "Nani?" Nikaona aibu, nikabeba trei nikatoka.

Nikamwambia Grete, "Mashine yenu leo inapumua vibaya."

Akaniangalia. "Mashine gani? Fundi ameizima tangu asubuhi. Anaisafisha."

Nilienda kuangalia. Ilikuwa imezimwa, waya umening'inia, na chombo chake cha maji kiko sakafuni kikavu. Sijui nilisikia nini, na sijataka kujua zaidi. Nawaeleza hivi ili Mjomba asije akasema nimesoma mpaka nimeanza kuwacheka wanaosikia sauti. Siwacheki.

Ile trei niliipeleka mezani kwangu nikaendelea na kazi. Tuna vyombo vya kioo vimepangwa ndani ya maji ya uvuguvugu, uvuguvugu ule ule wa mwili wa mtu, na kila kimoja kina kijiti cha chuma kinachozunguka polepole. Sisi tunaviita matumbo. Unadondosha kidonge tumboni na kutazama kinavyovunjika, maana dawa isiyovunjika tumboni haiendi kwenye damu. Vile vya chupa zilizofungwa vilivunjika, maji yakawa kama ya kuoshea mchele. Hivi vya wazi viligoma. Kwa macho ni vile vile, vyeupe, vizuri, na alama ya kiwandani bado ipo. Lakini vilikaa chini ya kioo, vigumu kama kunde isiyoiva, kijiti kikazunguka na kuzunguka, navyo vinanitazama. Vilikuwa vidonge vya aina ile ile anayomeza Raheli.

"Vimekunywa unyevu," Grete alisema. "Aina hii haiogopi joto sana, inaogopa unyevu. Inageuka jiwe. Mgonjwa anameza, na inatoka kama ilivyoingia."

Hapo nikauona mtungi wetu, Mama. Nikauona palepale mezani, ule wa kona ya nyuma ya mlango, umekaa kwenye mchanga wake unaolowa daima. Nilipokuja likizo ulinipeleka kwa fahari ukanionyesha chupa ya Raheli umeihamishia pale, imefukiwa ubavuni mwa mtungi hadi shingo, ukasema, "Nesi aliniambia mahali pa baridi. Katika nyumba hii pa baridi ni hapa tu." Hapo ndipo unapoweka kila kitu unachokiogopea: maziwa ya mtoto, siagi ya sikukuu, hata mishumaa ya kanisa isiyeyuke. Na ukinionyesha, ulifungua kifuniko kwa kidole kimoja, maana ulikuwa umekiacha juu juu tu ili ubaridi uingie vizuri.

Hukukosea, Mama. Uliambiwa pa baridi, hukuambiwa pakavu. Tena ungemwuliza mwenye nyumba yeyote wa Kidete angeweka hapo hapo. Ila nadhani mwanao amekuwa akimeza mawe, kila siku, kwa utii, huku wewe umesimama unamtazama.

Nadhani. Sijui. Ndiyo maana naomba jambo moja, tulione kwa macho yetu sote, Mjomba akiwa shahidi.

Raheli, acha kusoma. Iweke barua juu ya kigoda. Nenda kwenye mtungi, chukua kidonge kimoja. Mama apashe maji yawe ya uvuguvugu, kiasi cha kumwogesha mtoto mchanga, ayatie kwenye kikombe. Mjomba adondoshe kidonge kwa mkono wake mwenyewe, akitikisetikise kikombe polepole. Mkae mpaka uji mwembamba ungekuwa umeiva. Kisha rudi usome.

Umerudi?

Kama kimevunjika, nimekosea, nami nitanyamaza kuhusu vidonge. Lakini hata hivyo, Mjomba, nakupigia magoti: asiogeshwe mtoni. Mganga amwogeshe kwenye karai, uani, watu wakiwepo. Sidhani dawa yake itapungua nguvu kwa sababu ya karai.

Kama kimekaa chini kinawatazama, basi hospitali haijashindwa, wala Raheli hana deni kwa mto. Hajanywa dawa kwa muda mrefu, basi. Nimempa vidonge vipya dada mmoja wa Morogoro anayerudi nyumbani, atamwachia mke wa mchungaji pale Kilosa. Kila kimoja kimefungwa peke yake kwenye karatasi ya bati, na kisitolewe humo mpaka saa ya kukimeza. Lakini asianze kumeza kabla ya kuonwa na daktari wa Kilosa, naye daktari aelezwe habari yote ya mtungi, maana mwili uliozoea mawe ukipewa dawa kamili kwa ghafla unaweza kulewa. Daktari ndiye atakayesema aanze na kiasi gani. Na viwekwe ndani ya sanduku la nguo, Mama, kule juu, pakavu. Joto lake tutalivumilia.

Mjomba, najua utasema, "Na anayemwita je?" Siwezi kukujibu. Mimi mwenyewe niliitwa, katika nchi ambayo hakuna anayelijua jina hilo. Nimemwuliza Mungu na hajanijibu. Ninachojua ni kwamba Raheli akiwa na dawa kwenye damu, hata akiitwa atasimama kwa miguu yake.

Nisalimieni shangazi anayetuuzia vitumbua stesheni, mwambieni huku wana mikate ya kila namna na hakuna hata mmoja unaonukia. Msalimieni babu mlinda kengele ya kanisa, na binamu zangu walioko kwenye miwa Ruhembe, na yule jirani yetu mpya Msukuma mwenye ng'ombe, aliyembeba Raheli mgongoni siku ile alipoanguka njiani. Huyo mpeni kuku mmoja kwa niaba yangu. Wale wekundu, kama fungo amebakisha.

Mama, nilipokuwa naandika, kila neno nilikuwa nalisikia kwa sauti ya Raheli, anavyovuta mwisho wa sentensi na anavyokohoa kidogo kabla ya neno gumu. Barua mwendo wake ni wa polepole, sijui itafika lini, wala sijui kama telegramu mliitii. Mwezi umeshaandama huku, nimeuona juu ya paa la kiwanda, na najua ni huo huo.

Tangu siku ile nimeingia chumbani mara nyingi. Mashine imetengenezwa, inapumua sawasawa. Nyuma ya rafu za mwisho kumenyamaza kabisa, na kimya hicho ndicho kinachonitisha kuliko kuitwa.

Kwa hiyo, Mama, kama sauti inayokusomea sasa ni ya Raheli, mkumbatie kwa ajili yangu, mbele ya Mjomba, asione haya. Na kama anayesoma ni mtu mwingine, tafadhali, wewe unayesoma, uliyefika mpaka hapa kwa sauti isiyo yake: niandikie leo hii. Usiogope kuniambia.

Ni mimi mwanao, ninayekaa mbali katika joto la kwenu,

Tabita